Daftari la Azima

Kamati ya jubilei imeniletea barua:
wanatafuta majina makubwa yaliyopita chuoni hapa.
Waziri wanaye. Jaji wanaye, na picha yake ya joho.
Mimi nimetunza stoo ya maabara miaka thelathini na mmoja,
jengo la chini, upande usioota jua,
ambako Julai ya Iringa huingia bila hodi
na kuaga ikipenda.
Majina yangu yamo humu, jalada la kijani,
pembe zimeliwa na panya.

Ukurasa wa kumi na nne.
Theodolaiti moja, na miguu yake mitatu.
Imeazimwa na Ngwembe Sanga, kwao Bulongwa. "Siku mbili."
Ikakaa miezi tisa.
Ilirudi na tope kwenye skrubu, nikamfokea mbele ya wenzake.
Leo maji yanashuka kutoka msituni
hadi vijiji kumi na vitatu, bila pampu, bila dizeli,
kwa mteremko alioupima kwa miguu.
Bango la mradi limeandikwa wafadhili.
Faini: shilingi mia mbili. Haijalipwa.
Nimeifuta jana kwa penseli.

Ukurasa wa ishirini, wino umevuja.
Mtu fulani, mizani ya shaba.
Simkumbuki. Anisamehe.

Na huyu sasa.
Hadubini namba nne. Tusekile Mwambungu,
mpishi wa bwalo.
Alikuja usiku, sufuria zikishaoshwa,
majani ya viazi yamefungwa kwenye pindo la khanga.
Shamba la mama yake lilikuwa linaoza,
la jirani linapona, tuta kwa tuta.
Mwalimu Kalolo alicheka.
Wiki ya tatu akavuta kiti.
Ile karatasi iliyosomwa ng'ambo ina majina matano;
la mpishi halimo.
Lakini nenda soko la Uyole, uliza mbegu nyekundu,
ile isiyoogopa ukungu.
Wenye magunia watakwambia: hii ni tusekile.
Wanadhani ni neno tu la Kinyakyusa,
tumefurahi, basi,
furaha ya mtu aliyevuna.
Kwenye safu ya Kusudi aliandika:
"Kuangalia."

Dokta Mgaya, mwenyekiti, alifuta miwani.
"Mzee Lwimbo, haya hayana ushahidi."
Nikamwonyesha sahihi, mstari kwa mstari.
Akanyamaza. Kisha: "Niachie hili daftari, nilisome usiku."

Nikampa kalamu.
Ukurasa wa mwisho, mwandiko wangu:
Daftari moja, la kijani.
Limeazimwa na Kamati ya Jubilei.
Akatia sahihi haraka, akasimama, akachukua koti.
Nikaweka kidole kwenye safu iliyobaki wazi.
"Bado, Dokta. Jaza kusudi."