Mistari Mitatu Juu, Mitatu Chini

Ngamiani hatuulizani namba ya nyumba.
Barabara zina namba, hizo tunazijua,
lakini nyumba unaelekezwa:
ukishapita duka la Mpemba, kabla ya mashine ya kusaga,
mlango wa kijani unaotazamana na kisima kilichofukiwa.
Ukikuta mlango umepakwa bluu, usirudi.
Duka lipo? Mashine ipo?
Basi ndipo hapo. Piga hodi.

Na kiraka ndivyo kinavyotembea.

Kilinifikia saa nne kasorobo usiku
kutoka kwa Semkiwa, aliyehamia Korogwe
na toleo la mwaka juzi kwenye kompyuta yake.
Faili dogo, mistari arobaini na mmoja:
wenye alama ya kutoa, uondoke,
wenye alama ya kujumlisha, uingie,
na usio na alama yoyote
hautoki wala hauingii. Huo ni jirani.
Mitatu juu, mitatu chini,
imekuja kushuhudia tu, kama kwenye ndoa.

Programu yetu ni ya mkonge.
Wao wanakata, wanafunga matita,
sisi tunageuza matita kuwa shilingi.
Kosa lilikuwa la senti:
tulikata desimali tita kwa tita
badala ya kujumlisha yote ndipo tukate,
na kila Jumamosi Mwantumu Shekue
alitia kidole gumba kwenye wino
akapokea pungufu ya bei ya kiberiti.
Kiberiti kimoja.
Mara wakataji mia tatu na kumi. Mara miaka minne.
Hesabu hiyo niliifanya mara moja, sikuirudia.

Nikatoa amri.

Kipande cha kwanza: kimeingia.
Kipande cha pili: kimeingia,
mistari kumi na minne chini ya pale kilipotarajia.
Nikacheka peke yangu. Kimeulizia huyo,
kimeshuka mdogomdogo hadi kikaliona duka, kikaiona mashine.
Kipande cha tatu: kimekataliwa.

Na cha tatu ndicho chenye senti.

Kikabaki kwenye faili la waliokataliwa
kama mgeni aliyeachwa barazani, mzigo mapajani.

Ningeweza kukilazimisha. Ipo namna ya kulegeza macho:
jirani mmoja akikosekana, haidhuru,
wawili wakikosekana, haidhuru,
kiingize panapofanana.
Panapofanana!
Barabara ya Tisa posa ilishapokelewa nyumba siyo,
na sahani zikaliwa.

Nikakifungua nione kilikuwa kikimtafuta nani.
Kilitafuta mstari wa maelezo, mkono wa Semkiwa mwenyewe:
*Usiguse hapa kabla hujamuuliza mkataji.*
Kwangu haukuwepo.
Nikarudi nyuma katika historia, badiliko kwa badiliko,
mpaka Alhamisi moja ya mwezi wa sita, saa tano asubuhi.
Mstari umeondolewa.
Sababu: usafi.
Aliyeondoa: jina langu, herufi zote.

Chai ilikuwa imeshapoa, ikafanya utando.

Nikaurudisha mstari kwanza, kama ulivyokuwa,
na kosa lake la tahajia.
Ndipo nikakiita kiraka tena,
kikaingia bila kunisemesha.
Pa mwandishi nikaacha jina la Semkiwa.
Mimi ni aliyefungua mlango.

Kiraka nacho huweza kugeuzwa, kiende kinyumenyume,
kutoa kuwe kujumlisha, kujumlisha kuwe kutoa,
waja leo, waondoka leo, kama tusemavyo Tanga.
Lakini msimbo ndio unaogeuka.
Jumamosi mia mbili na nane zilizopita
hazina mstari juu, hazina mstari chini,
hakuna pa kubandika kitu.

Kumepambazuka. Basi la shambani linaondoka saa kumi na mbili.
Nimechukua daftari, lile la karatasi.
Naenda kumuuliza mkataji.