Tope la Mpanda

Baba alikuwa mkaguzi wa mabehewa, stesheni ya Tabora.
Nyundo ya mpini mrefu, taa, buti za serikali.
Hakuwahi kufika Mpanda hata siku moja,
lakini alijua usiku ambao Mpanda ilinyesha:
alichuchumaa, akachokonoa tope kwenye gurudumu,
akalisugua kati ya vidole, akalinusa.
"Kaliua hakuna udongo huu. Huu umetoka mbali."

Namkumbuka leo, nimelala chali, magoti juu,
chumba cha tatu mkono wa kushoto,
pazia lina picha za samaki, sijui kwa nini.
"Pumua kama unapuliza chai," ananiambia Sista Kabhula.
Brashi nyembamba kuliko unyoya wa kifaranga
inapita mlango wa mji.

Mji. Lugha yetu haikukosea
kupaita hapa jina la mahali watu wanapokaa.
Mji wangu nao ni njia panda:
reli mbili zinaingia, moja kila upande,
na mwisho wa kila reli kuna kituo kidogo
kisichopiga kengele.
Kimoja kilimuua dada yangu Nyamizi.

Tumbo lake lilipojaa maji, sokoni walimpongeza.
Miaka hamsini na miwili! Mungu hachelewi, walisema.
Akacheka nao, akalegeza kifungo cha sketi.
Walipompasua walitazama tu,
wakashona.

"Wewe hatukupasui," alisema Daktari Mihayo.
"Tunaokota kinachodondoka.
Seli za kule huteremka na mrija, moja moja,
zikajibanza mjini kama abiria wasio na tiketi.
Bado tunajifunza.
Labda tutaziona. Labda hatutaziona."
Niliipenda ile labda ya pili.
Mwongo angeishia kwenye ya kwanza.

Sasa ni kichupa, kizibo cha buluu,
jina langu kwa kalamu isiyofutika, nalo wamelikosea:
Wanda, badala ya Wande.
Nikawarekebisha. Sitaki ugonjwa wa mtu,
wala salama ya mtu.
Majibu wiki sita.

Nimerudi nyumbani kwa njia ya stesheni,
natembea taratibu, kiuno kinauma kidogo.
Behewa la mizigo limesimama peke yake.
Nikachuchumaa.
Tope kavu, jekundu, limeshikamana na chuma.
Nikalisugua kati ya vidole.
Kulisoma, baba hakunifundisha.
Nikalinusa hivyo hivyo.