Shata Wazi

Newala, usiku wa ngoma. Karabai mbili tu,
na kwenye filamu imebaki picha moja.

Fundi Nampesya alishanionya: flashi hukamata uso,
usiku hukamatwa na shata.
Iache wazi. Hesabu moja, taratibu,
usipumue.

Mwanga ukapiga.
Somoe akaganda hewani, njuga miguuni,
jasho shingoni punje kwa punje.
Kisha giza, shata bado wazi,
naye akaendelea kwenda.

Wiki ya tatu basi likaleta bahasha kutoka Mtwara.
Uso mkali kama sarafu mpya.
Na mbele yake, si nyuma,
utepe wa rangi ya karabai:
pale alipokuwa hajafika.

Mama yake akasema imeharibika,
akadai hela yake.
Nikamrudishia.
Picha nikabaki nayo.