Chakula cha Mgeni

Misoji, funga nywele, vaa koti.
Leo tunapika.

Unga wa agari mwepesi, kama vumbi la Igoma mwezi wa tisa;
usiupumulie. Pima, mimina maji, koroga madonge yaishe.
Mwani wa bahari ya mbali, usiolijua Ziwa letu,
ndio unaogandisha kila kitu humu.
Dakika kumi na tano kwenye otoklevu, kisha ipoe
mpaka uweze kuiegemeza chupa shavuni bila kupiga kelele.
Hicho ndicho kipimajoto changu
tangu kile cha kioo kivunjike.

Sasa damu. Yule kondoo wa nyuma ya stoo
(wauguzi humwita Mheshimiwa, kwa kuwa anakula bure)
jana ametoa chupa moja, akarudi kwenye majani yake.
Ukiimimina jeli ikiwa bado ya moto, inaiva, inakuwa kahawia;
wenyewe wanaiita chokoleti. Usilambe.
Kuna vijidudu vya uti wa mgongo, vinyonge, vyenye madeko,
havili ila damu iliyopikwa,
kama mtoto anayesusa ugali akilia michembe ya bibi.

Hii nyekundu, Makonki, ina nyongo ndani.
Aliyezoea kuishi tumboni haoni uchungu, anakaa.
Wengine wanafia mlangoni.

Na hii ya kijani.
Hii haiingii otoklevu; ichemshe tu, usimame nayo.
Tunaipika mitaro ya Mabatini inapofurika.

Mwaka juzi Nyanzobe wa Kayenze alimleta mwanawe mgongoni,
macho yamezama,
ngozi ukiifinya inabaki imesimama.
Nikapaka choo chake, maji matupu ya mchele,
nikafunga inkubeta, nikajilaza kwenye benchi.
Saa nane usiku umeme ukakatika.
Nikazikaza sahani kwa utepe, nikazifunga tumboni kwa kitenge,
nikazilea hivyo hadi alfajiri.
Usiniige. Nakusimulia tu.

Kulipokucha, kijani kilikuwa na matone ya njano,
mviringo, yanang'aa
kama mafuta ya sangara juu ya mchuzi.
Mungu anisamehe: neno la kwanza kunitoka
lilikuwa "mazuri."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu tukamwekea vipande vya karatasi vyenye dawa,
tukaangalia ni kipi anakikwepa
na kipi anakikanyaga bila kujali.

Mtoto hakunisubiri, dripu ilishamfikia.
Kumbe usiku ule nilikuwa nakipikia kisima:
walikifunga Jumatatu, watu wakatutukana wiki nzima.

Haya, mimina. Polepole, mapovu yasiingie.
Kifuniko kiache wazi kidogo, mvuke utoke.
Yuko mtu njiani sasa hivi, na njaa yake,
na hatujui bado
anakula nini.