Lengwa

Mimi ni Shija, niliyewafuata Kulwa na Doto tumboni.
Kwetu anayefuata pacha
huzaliwa akiwa amechelewa mazungumzo.

Kulwa alirudi kutoka seminari bila wito
na kamusi ya Kilatini isiyo na jalada,
ambayo alisema amepewa.
Chumba chetu cha Mabatini kiliegemea jabali,
ukuta wa nne ulikuwa jiwe lenyewe, lilitoa joto hadi saa tano usiku.
Hapo ndipo alipoanza: Tuseme
Warumi walipofika kwenye matete ya Naili hawakugeuka.
Tuseme walikata njia, wakatokea hapa na njaa,
wakakuta sato anachomwa.

Nani kawapa chumvi? Doto akauliza,
na lugha ikaanzia hapo, kwenye chumvi: sale.

Waliiita Lengwa.
Jirani akasikia ng'ambo ya bati,
akaita, Nani kalengwa tena?

Irabu ziwe saba, siyo tano za shule,
saba kama za bibi, aliyetuambia kila likizo
kwamba darasa limetufupisha masikio.
Kisha n na t: zikikutana, t inakufa,
n inabaki inahema
kama mtu aliyepanda Bugando kwa miguu,
kama m ile ya mhola.
Mlima, monhe. Upepo, venhu. Daraja, ponhe;
na kila tulipovuka Mirongo kwenda sokoni
walilitamka wakipishana, ponhe, ponhe,
mimi nyuma na kikapu,
nikilisema ndani ya mdomo uliofungwa.

Doto akapangiwa hospitali ya Nansio.
Barua zake zilivuka na kivuko
chini ya machungwa, kwenye tenga,
karatasi zikinuka maganda.
Ya kwanza, ya pili, ya tatu: safi.
Katika ya nne samaki alikuwa pese.

Peche, Kulwa akaandika juu yake kwa wino mwekundu,
akairudisha kivukoni kama daftari la mwanafunzi.
Jibu likaja baada ya wiki mbili:
Huku kisiwani ch imechoka. Tumeiacha ipoe iwe s.
Mbingu vilevile: siyo chelu, selu.

Kulwa hakulala.
Haikumsumbua s. Kilichomsumbua ni tume-.
Tumeiacha. Yeye na nani?
Lugha hii ina watu wawili, aliniambia gizani,
nikasema ndiyo,
nikakaa kimya kama mtu wa tatu anavyokaa.

Miaka minne wakaandikiana kwa ukali wa mipaka.
Yeye akakataa s. Doto akaangusha viishio vya vitenzi.
Maji ya saa tatu kati yao,
na kila mmoja alimwona mwenzake ndiye anayeyumba.

Kisha mama akalazwa Bugando, nyonga,
na Doto akashuka Mwanza na mfuko wa machungwa
na binti yake Nyamizi, miaka mitano, mapengo mawili mbele.
Tulikaa kwenye benchi la ukumbi.
Pacha walisalimiana kwa Kiswahili, kwa adabu,
kama mabalozi.

Mtoto akavuta suruali ya mjomba.
Awa, akasema.

Kwa Kulwa maji ni agwa.
Kwa Doto pia: hilo moja hawakuwahi kuligombania.
Awa, mtoto akarudia, sasa kwa hasira,
kwa sababu alikuwa na kiu
na hakuna aliyewahi kumwambia
kwamba hii ni lugha ya kubuni.

Nikaona kidole cha Kulwa kikienda mfukoni,
kwenye kalamu. Nikaona Doto ameangalia sakafu.
G imekwenda wapi? Kulwa aliuliza, taratibu sana,
na aliuliza hewani, siyo mtu.

Mimi ndiye niliyekuwa na chupa.
Nikaifungua, nikamkabidhi,
na mdomo wangu, uliofungwa tangu daraja la Mirongo,
ukasema awa,
vibaya, kwa irabu tano.

Nyamizi akacheka hadi maji yakamtoka puani.
Akanirekebisha.
Nikarudia.
Akanirekebisha tena.