Kabla Sijakukabidhi Chaki

Nyemo, ubao wenyewe si mkubwa.
Ulikuwa mlango wa stoo. Niliupaka unga mweusi wa betri
uliopondwa na majani ya viazi.
Kila Januari urudie.
Weusi ukififia, hata neno zuri linaonekana limechoka.

Amka kabla ya malori.
Saa kumi na moja na nusu soko la Kibaigwa bado lina usingizi,
makuli wamejikunyata juu ya magunia ya alizeti,
upepo haujaanza kubeba pumba.
Bei ya mahindi iweke juu kabisa, kwa tarakimu nene,
asome hata aliye ng'ambo ya barabara na mzigo kichwani.
Maneno yako yakae chini.
Usinune kwamba wamefuata bei.
Mguu ukishasimama, jicho hushuka lenyewe.

Jumanne na Ijumaa. Si lazima mengi.
Mistari minne iliyofika siku yake
watu huizoea kama njaa ya saa saba.

Karatasi ukizibandika kwa uji wa unga,
mbuzi wa Mama Lechipya ndio watakuwa wasomaji wako wa kwanza,
na watasoma mpaka mbao.
Tia pilipili kichaa kwenye uji.
Mbuzi hawapendi maneno makali.

Sanduku la chaki lina kufuli la namba.
Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa:
ulipozaliwa, Kibaigwa nzima ilikuwepo.

Na kila unachofuta, kinakili kwanza kwenye kaunta buku.
Likijaa, usilitunze hapa.
Hapa kuna panya, kuna mchwa, kuna mimi na kibatari changu.
Lipeleke kwa dada yangu, Mpwapwa.
Mwaka ule mashine ya Chilewa iliposhika moto
nilipoteza benchi, dari, na ubao wa kwanza.
Maneno yalikuwa Mpwapwa chini ya kitanda,
hayakunusa hata moshi.

Yule bwana wa upande wa stendi
alikuwa akinakili kila Ijumaa, chini anaweka jina lake.
Sikugombana naye. Niliandika:
*Amepotea mbuzi wa pembe tatu, njia ya Pandambili.
Ukimwita Mheshimiwa, anageuka.*
Jioni mbuzi alikuwa stendi,
kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.
Soko lilicheka mpaka Jumatatu.

Mwenye mgahawa mpe nakala, abandike juu ya chupa za chai;
naye mtaje siku anayopika pilau.
Madereva wape mistari miwili waondoke nayo.
Ila usimnunue msomaji kwa siri ya jirani.
Atakuja, ndiyo. Kesho atataka siri yako.

Wengine wataandika chini yako kwa mkaa.
Tusi, pitisha kitambaa kibichi, endelea na kazi.
Sahihisho, liache.
Liache hata likikuuma, maana siku moja
niliandika mia nne na hamsini
badala ya mia tano na arobaini.
Ndahani alitoka Mlali na magunia kumi na sita.
Alisoma, akaamini,
akauza kwa bei ya chaki yangu.
Mtoto mmoja ndiye aliyechora mkaa: *Si kweli.*
Nilipotoka kutazama, lori lilikuwa limeshapita Gairo.

Siku tatu niliandika kwa chaki nyekundu, juu ya bei.
Sikuandika kwamba kuna hitilafu imejitokeza.
Niliandika: *Nilikosea mimi, Sabela. Aliyeumia ni Ndahani.*
Yeye hakusema kitu.
Mpaka leo anapita, anasimama, anasoma,
halafu anavuka barabara kwenda kuuliza tena.

Namba ya kufuli nitakunong'oneza.
Bei ya leo sijaiandika.
Nenda kaulize watu watatu, si mmoja,
kisha rudi,
nataka kuona mkono wako ukiandika sifuri.