Watasema

Nilimnunua Gambogi siku ya soko, kwa bei ya kuku,
nikamtia kwenye gunia, akalia njia nzima hadi Majengo.
Tumbo lilikuwa ngoma, mbavu zikihesabika.
Mama Imali akasema: huyu ameshiba.
Nami, fundi wa baiskeli, ninayejua
tyubu iliyojaa na tyubu iliyovimba,
nikasema: kweli, ameshiba.

Tukamwita Watasema,
kwa ajili ya majirani,
na kwa ajili ya kuku saba walioondoka usiku bila kuaga.

Imali alikuwa na miaka minne.
Alimlisha ugali kiganjani, akalambwa mashavu,
akajifunza kuhesabu kwa makucha yake.
Nyuma ya migomba, Watasema alipopenda kuchuchumaa,
ndipo udongo ulipokuwa mwororo,
na mpishi wa matope hataki udongo mwingine.
Alikanda, akapakua kwa kifuniko cha kopo, akaonja.
Mpishi gani haonji?

Bwana mifugo alipita na pikipiki yake:
kidonge cha minyoo, shilingi hamsini.
Nilikuwa nazo. Nilizishika mfukoni hadi zikapata joto.
Nikamwambia, mbwa ni mbwa tu, mkubwa,
nikanunua vocha.

Tuliishi hivyo miaka miwili.

Kisha mwalimu Kageha akaniita kando ya geti:
mtoto wako anasoma ubao kwa shavu.
Nilidhani ni utundu.
Jioni hiyo mama yake alimziba jicho la kulia, kama mchezo,
akamwuliza, vidole vingapi?
Imali akajibu: mkono wako unanuka kitunguu.
Halafu: washeni taa basi.
Jua lilikuwa bado mlangoni.

Sabatia, chumba chenye giza. Daktari akainama na kurunzi yake
nami ninavyoinamia karai, tyubu ikiwa majini,
nikisubiri povu liseme tundu liko wapi.
Akaliona. Hakunificha.
Yai la mnyoo wa mbwa ni dogo kuliko vumbi,
hukaa udongoni hata mbwa mwenyewe akishasahau.
Mtoto akilimeza, huanguliwa.
Lakini mwili wa mtu si nyumbani kwake.
Huzunguka maini, huzunguka mapafu,
anamtafuta mbwa ndani ya binadamu,
hampati, na njia ya kurudi haijui.
Huyu alipotea, akaishia jichoni.
Uvimbe tutautuliza, alisema. Kovu, hapana.

Alipotea.
Nilitaka neno la kugombana nalo, nikapewa hilo.

Imali, miguu ikining'inia kitini:
Daktari, alitaka kuona nini?

Kijijini walisema, bila shaka.
Mzee Asava alileta sumu ya panya kwenye karatasi ya gazeti,
akaniwekea mkononi kama mtu anayelipa deni.
Usiku nilikaa na ile karatasi na sahani ya omena.
Watasema alikuja, akalaza kidevu juu ya kiatu changu,
akahema.
Nilihesabu: nani alikuwa na hamsini?
Si yeye.
Karatasi niliitupa chooni, pamoja na zile omena,
na mke wangu hadi leo hajui kwa nini tulikula sukuma tupu.

Sasa kila alfajiri natoka na koleo kabla ya kufungua kibanda.
Nafukia mbali, nafukia kwa kina.
Migomba nimeizungushia waya wa spoki mbovu.
Kila miezi mitatu, kidonge ndani ya tonge;
mara ya kwanza hukitema, hunitazama,
tunaelewana.

Mwezi uliopita alizaa watano.
Nao walizaliwa nayo, alisema bwana mifugo, tangu tumboni,
kama wengine wanavyozaliwa na madeni.
Nikanunua dawa ya maji, nikawanywesha mmoja mmoja kwa sindano isiyo na ncha,
na jirani kwenye ua akacheka hadi akakohoa:
fundi, sasa umekuwa nesi wa mbwa?

Imali alimbeba wa mwisho, mwenye doa.
Kwanza alinawa, akanionyesha viganja pande zote mbili.
Kisha akamhamishia mkono wa kulia,
upande anaoona.